Kosa Lenyewe Linaitwa Kuzurura

Wasee, leo hakuna video. Hii ni ya kusoma, na ni ndefu, kwa hivyo kama uko kwa matatu unatoka Kitengela kwenda tao na jam ya Athi River imeshika, muda unao.

Kuna neno moja la sheria linanisumbua: kuzurura. Katika miji mingi ya Kenya, mwanamke anayeuza ngono akishikwa usiku, shtaka atakalosomewa mara nyingi halisemi ameiba wala amepiga mtu. Linasema alikuwa akizurura kwa nia ya ukahaba. Yaani kosa lake ni kusimama. Mimi na wewe tunasimama kwa stage kila siku tukingoja gari na hakuna anayetuuliza nia yetu. Yeye nia yake inasomwa kwa nguo aliyovaa, saa aliyoshikwa na mlango wa baa aliyokuwa karibu nayo.

Nimekuwa nikifuatilia hili neno lilitoka wapi na nikapata mambo mawili ambayo hatukufundishwa shule. La kwanza, si letu. La pili, wanawake waliowindwa kwa neno hili hawakuketi tu wakingoja shirika lije liwaokoe. Walikuwa wanajilinda miaka mingi kabla mtu yeyote hajaandika pendekezo la ufadhili.

Mipaka kwanza, kwa sababu najua wengi wenu mko form three na form four. Ninaongea kuhusu watu wazima. Mtoto wa chini ya miaka 18 hafanyi "kazi" yoyote ya ngono. Anatumiwa, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamwandama anayemtumia. Hapo sina mjadala. Na watu wazima nitawaita wafanyakazi wa ngono, kwa sababu ndivyo wanavyojiita kwenye vyama vyao. Neno malaya nitalitumia pale historia yenyewe inalitumia, na utaona halikuwa na maana hii ya matusi tuliyoizoea.

Sasa turudi nyuma, mbali kidogo. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wazururaji. Vita vya Napoleon vilikuwa vimeisha, wanajeshi wamerudi bila kazi, barabara zimejaa maskini, na wenye mali hawakutaka kuwaona. Sheria ile iliruhusu mtu kushikwa kwa anavyoonekana, hata kama hakuna alichofanya: anayelala nje, anayeomba, asiye na njia inayoonekana ya kujipatia riziki. Wanawake nao waliwekwa humo kwa jina. Ilisema ni kosa kwa "kahaba" anayezunguka barabarani kufanya fujo au mambo ya aibu. Soma hiyo polepole. Mtu mwingine akifanya fujo ni fujo tu. Lakini huyu kwanza anapewa jina, halafu jina lenyewe ndilo linageuza tabia yake kuwa jinai.

Waingereza walipokuja huku walibeba sheria hiyo pamoja na mizigo yao mingine. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo bado tunaitumia, ilianza mwaka 1930. Fungua kifungu cha 182 utamkuta huyo "kahaba" wa 1824 amekaa pale pale, mstari wa kwanza, kwenye orodha ya watu wavivu na wasio na utaratibu. Sheria ya Wazururaji yenyewe ilifutwa mwaka 1997, wakati wa yale mageuzi ya kabla ya uchaguzi. Kifungu cha 182 hakikufutwa, na kanuni za mabaraza ya miji zikaendelea kubeba lile neno letu, kuzurura.

Na hapa kuna kitu watu wengi hawajui, hata wenye digrii. Kanuni ya Adhabu haisemi kwamba mtu mzima kuuza ngono ni kosa. Inashtaki vitu vinavyoizunguka: kuishi kwa mapato ya ukahaba, kusimamia wengine, kuweka danguro. Ukikaa chini ufikirie, matokeo ni ya ajabu. Wanawake wawili wakikodi nyumba pamoja ili wawe salama, landlord anaogopa kuambiwa ana danguro. Wakimlipa jamaa awalinde usiku, huyo jamaa anaweza kushtakiwa kwa kuishi kwa mapato yao. Kwa hivyo sheria haikatazi kazi, inakatazia tu njia za kuifanya bila kuumizwa. Sijui aliyeiandika alikuwa anamlinda nani.

Twende Nairobi ya zamani. Reli ilifika 1899, na mji ukaota juu ya kinamasi: makarani, mafundi, wapagazi, askari, wanaume maelfu walioacha wake nyumbani. Serikali ya mkoloni iliwataka wanaume kama nguvukazi, na baadaye ikawafunga kipande shingoni ili ijue kila mmoja ameandikwa wapi. Wanawake hawakuwa na kipande. Hakuna aliyewapangia mahali pa kulala mjini wala kazi ya kufanya. Maoni yangu: ndiyo maana sheria ya uzururaji iliwafaa sana wakubwa. Mtu ambaye huna karatasi ya kumshika nayo, unamshika kwa kuwa yupo tu.

Mwanahistoria Mmarekani anaitwa Luise White alikuja miaka ya 1970 akaketi na wazee wa Pumwani, wengi wao wanawake waliowahi kufanya kazi hii, akawasikiliza. Kitabu chake kilitoka 1990, kinaitwa The Comforts of Home, na kama una interest na Nairobi kitafute. Wale kina mama walimweleza kwamba kulikuwa na aina tatu, na majina yote ni ya Kiswahili. Watembezi walitembea barabarani kutafuta wateja. Malaya alikaa chumbani kwake, mteja anakuja kimya kimya, anapikiwa, anapewa chai, maji ya kuoga, kitanda, asubuhi analipa. Halafu katika miaka ya 1930 wakaja wazi-wazi, wengi wao Wahaya kutoka Bukoba, walioketi nje ya milango yao na kutaja bei hadharani.

Ona basi. Malaya alikuwa yule aliyekaa ndani. Jirani wa heshima, mwenye adabu, asiyepiga kelele. Leo ukimwita msichana hivyo kwa sababu amevaa sketi fupi, historia ya neno lenyewe inakucheka.

Baadhi ya hao malaya walijenga. Serikali ilipotenga Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa wa Waafrika, ilikodisha viwanja na watu wakajijengea. Wanawake wengi walikuwa miongoni mwa wenye nyumba. Janet Bujra, mtafiti mwingine, aliandika juu yao mwaka 1975 na akawaita wajasiriamali. Waliosilimu walipata ndugu wa dini katika mji ambao hawakuwa na ukoo. Wengine, bila mtoto wa kuzaa au wakiwa wamekatwa na familia zao, walichagua binti wa kumrithisha nyumba. Mwanamke ambaye nyumbani kwao hangepewa hata robo ekari anamwachia mwanamke mwingine ploti Nairobi. Sioni kama hiyo ni hadithi ndogo.

Lakini walionivutia zaidi ni wazi-wazi. Malaya mteja akikataa kulipa, mara nyingi alinyamaza. Kelele ingemharibia jina kwa majirani na kuleta polisi. Yule Mhaya hakunyamaza. Mteja akikataa kulipa alipiga ukelele, na wenzake walioketi milango ya jirani wakaja wote, na yule jamaa akatoa pesa ama akatoka na aibu yake mbele ya mtaa mzima. Wenyeji wa Pumwani waliwadharau kwa hilo, wakasema hawana adabu. Mimi naona ile kelele ndiyo ilikuwa msaada wa kisheria wa kwanza wa wafanyakazi wa ngono Nairobi. Ilikuwa na mlalamishi, mashahidi na hukumu ya papo hapo. Kilichokosekana ni korti, kwa sababu kortini yeye ndiye angekuwa mshtakiwa.

Sasa mtauliza Kajiado inaingia wapi.

Inaingia kwa sababu kazi hii hufuata mahali ambapo wanaume wenye pesa kidogo wanalala mbali na kwao, na county yetu imejaa mahali kama hapo. Mji wa Kajiado ulikuzwa na reli ya Magadi, iliyojengwa miaka ya 1910. Kitengela ilifura viwanda vya EPZ vilipokuja Athi River miaka ya 1990, vyumba vya kupanga vikaota kila kona. Namanga ni mpaka, malori yanalala. Na Kimana? Kimana watu wanaijua kwa geti la Amboseli na picha za ndovu na Kilimanjaro nyuma. Lakini ni mji wa nyanya na vitunguu vya kunyunyizia maji. Siku ya soko kuna mabroka wa kutoka Nairobi na Mombasa, madereva, vibarua wa mashamba, wauza ng'ombe, wafanyakazi wa lodge walio off. Kuna Mmaasai, Mkamba, Mkikuyu, Mchaga aliyevuka mpaka. Ni Nairobi ya 1910 kwa udogo wake, ila sasa kuna M-Pesa.

Tofauti ni kwamba Pumwani ilipata watu wa kuandika habari zake. Kimana haijapata.

Turukie 1985, kwa sababu mwaka huo vitu vitatu vilitokea Nairobi karibu pamoja. Julai, KICC ilijaa wanawake kutoka kila pembe ya dunia kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo mawakili wanawake wakaanzisha FIDA Kenya, kutetea wanawake wasio na pesa ya wakili. (Kituo cha Sheria kilikuwa kimeshatangulia, tangu 1973.) Na pale Majengo, Pumwani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, wakaanza kuwapima wafanyakazi wa ngono virusi vya HIV.

Mnaweza kuwa mmesikia kuhusu hao wanawake wa Majengo. Baadhi yao walikaa miaka bila kuambukizwa licha ya kukutana na virusi mara nyingi, na wanasayansi wa dunia nzima wakachanganyikiwa. Damu yao ilisafirishwa ng'ambo, ikaingia kwenye utafiti wa chanjo. Wenyewe walibaki Majengo, kwenye vyumba vile vile vya udongo na mabati. Hiyo sehemu hunikasirisha kila nikiisoma.

Ila kulikuwa na muuguzi mmoja, Profesa Elizabeth Ngugi, aliyefariki 2015, na kazi yake naona ni kubwa kuliko ile ya maabara. Aliwakusanya kina mama kwa baraza, akawaita kwa heshima, akawasaidia kuunda vikundi na kuchagua viongozi wao wenyewe. Matumizi ya kondomu yakapanda sana. Sababu si kwamba mtu aliwatisha. Wanawake walikubaliana kwa pamoja kwamba hakuna atakayekubali mteja bila kondomu, ili mteja asipate pa kukimbilia. Umeona? Ni ile ile ya wazi-wazi. Mmoja peke yake anaonewa, mlango kwa mlango haonewi.

Kwa hivyo kufikia miaka ya 1990 afya ilikuwa na njia yake na sheria njia yake. Mwanamke aliyepigwa na polisi angeweza kutibiwa kidonda Majengo, lakini kuhusu yule polisi hakuna wa kumwambia. Zilianza kukutana 1998, pale wahudumu wa baa Nairobi walipoanzisha kundi lao, BHESP. Walifanya kitu rahisi ambacho hakuna aliyekuwa amefikiria kwa uzito: waliwafundisha wafanyakazi wa ngono wenyewe kuwa wasaidizi wa kisheria. Si mawakili. Ni mtu wa mtaa huo huo anayejua sheria kidogo, ana simu, na haogopi kuingia kituo cha polisi saa nane usiku.

Mwaka 2008 FIDA ilitoa ripoti baada ya kuongea na wafanyakazi wa ngono Nairobi, Kisumu, Busia, Nanyuki, Mombasa na Malindi. Ilikuwa ni mwendo ule ule kila mji: kupigwa, kudaiwa pesa, kubakwa na watu walewale ambao kazi yao ni kulinda. Mwaka 2012 wakfu wa Open Society nao ukaandika kuhusu nchi sita, Kenya ikiwemo, ambapo polisi wanatumia kondomu kama ushahidi. Serikali hiyo hiyo inakupa kondomu bure mchana, usiku inakushika nazo. KESWA, muungano wa kitaifa wa wafanyakazi wa ngono, ulizaliwa katikati ya hiyo miaka, mwaka 2010, na wamekuwa wakiandamana kila 17 Desemba na miavuli yao myekundu kuwakumbuka waliouawa.

Mwaka 2010 pia ndio tulipata Katiba. Watu huisoma kama shairi, sisi tuisome kama fundi anavyosoma maagizo. Ibara ya 49. Ukishikwa, uambiwe kwa nini, kwa lugha unayoelewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuongea na wakili, na hata mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini hapa kuna mtego: saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, unangoja siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana kushikwa Ijumaa usiku ni adhabu yenyewe. Unalala ndani mpaka Jumatatu, na watoto wako nyumbani wanajua tu mama hajarudi.

Halafu kuna 49(2), mstari mmoja ambao ningependa uandikwe kwenye kuta za kila baa kutoka Kitengela hadi Loitokitok. Unasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kosa la kwanza chini ya kifungu cha 182 ni mwezi mmoja. Fanya hesabu.

Tatizo ni kwamba haki usiyoijua huwezi kuidai. Mwanamke anaposimama mbele ya hakimu Jumatatu, hajalala, hajaoga, anataka tu kurudi kwa watoto. Anaambiwa ukikubali kosa utalipa faini uende. Anakubali. Kesi inaisha kwa dakika mbili, na hakuna aliyewahi kuuliza ushahidi wa hiyo "nia" uko wapi. Msaidizi wa kisheria akiwa amefika kituoni usiku ule, mambo yanaweza kuwa tofauti: anauliza shtaka ni gani, anaomba dhamana ya polisi, anahakikisha kuna nambari ya OB kama mwanamke mwenyewe ndiye aliyeumizwa.

Kwenda korti kubwa nako kumekuwa na matokeo ya panda shuka. Mombasa, wanawake wawili walipinga kanuni ya mji kuhusu kuzurura kwa ajili ya ukahaba, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ikatupa ombi lao. Lakini angalia majirani. Malawi mwaka 2016, wanawake 19 waliokuwa wamehukumiwa kwa kuishi kwa mapato ya ukahaba walishinda rufaa. Mahakama Kuu ilisema kosa lile liliwekwa kuwalinda wanawake dhidi ya wanaowanyonya, si kuwaadhibu wao wenyewe. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo tu Arusha, unavuka Namanga unafika, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika kwa sababu zinaadhibu mtu kwa hali yake, na kwamba nchi zinafaa kuzifuta au kuzirekebisha. Ni ushauri, halishurutishi kama hukumu. Bado ni majaji wa bara zima wamesema. Uganda, Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ikafuta vifungu vyao vya watu "walaghai na wazururaji". Vyote hivyo ni watoto wa ile sheria ya 1824.

Najua kuna mtu amefika hapa anasema, huyu amelipwa kupromote umalaya. Tulia. Unaweza kuamini kwamba kazi hii ni dhambi na bado ukakubali kwamba askari hana ruhusa ya kumbaka mtu kwa sababu ya kazi yake. Hizo ni hoja mbili tofauti. Na kama unadhani hili neno haliwezi kukufikia, kumbuka Novemba 2014, pale mwanamke alipovuliwa nguo Nairobi kwa sababu wanaume kwa stage waliamua sketi yake ni ya malaya. Hakuna aliyeuliza anafanya kazi gani. Wanawake waliandamana, na sheria ikabadilishwa mwaka huo huo: kumvua mtu nguo kwa nguvu sasa ni kifungo cha si chini ya miaka kumi. Lebo ikishakuwepo, mtu yeyote anaweza kubandikwa.

Sasa ile sehemu nyingine, msaada wa kisaikolojia. Watu huichukulia kama nyongeza, ati mawakili wafanye kazi ya maana halafu mtu wa kupea mtu tishu aje baadaye. Nadhani ni kinyume. Chukua kesi ya ubakaji. Mlalamishi anatakiwa afike hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia HIV zifanye kazi. Anatakiwa ajaziwe P3. Anatakiwa arudi kituoni aandikishe taarifa kwa ofisa ambaye huenda anacheka. Halafu kesi inaitwa, inaahirishwa, mensheni, inaahirishwa tena, mwaka unapita. Mtu ambaye halali usiku, anayekunywa ili aweze kufunga macho, ambaye watoto wake wameanza kutukanwa shule, hawezi kufika mara ya tano. Shahidi asipofika, kesi inaanguka. Wakili anaweza kuwa bora Kenya nzima, bila mtu wa kumshika mkono huyu mama kutoka siku ya kwanza hana kesi.

Na mkono huo si lazima uwe wa daktari wa akili, ambao hata hivyo ni wachache nje ya Nairobi. Mara nyingi ni mwenzake aliyefunzwa ushauri nasaha, anayeketi naye, anamlalia watoto siku ya korti, anaenda naye kwa kliniki ili nesi asimuulize maswali ya kejeli akiwa peke yake. Kuna pia laini ya bure ya 1195 kwa mtu yeyote aliyedhulumiwa kijinsia, saa yoyote, na iandike kwa simu yako hata kama hii topic haikuhusu.

Mwaka 2020 tuliona jinsi haya yote yalivyo mepesi kuvunjika. Kafyu ilianza 27 Machi, baa zikafungwa, na tarehe 6 Aprili serikali ikafunga mipaka ya Nairobi na viunga vyake. Kitengela ilikuwa ndani ya mstari. Kimana ilikuwa nje. Mwanamke aliyekuwa akifanya kazi Kitengela na watoto wako kwa nyanya yao Kimana hakuweza kuvuka mpaka mwanzoni mwa Julai, na mapato yake ya usiku yalikuwa yameharamishwa kwa saa. Hakuwa na mwajiri wa kumtetea wala karatasi ya kuonyesha amepoteza kazi. Waliosaidiana ni vyama: kila mtu aliye na unga anagawa.

Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na vituo vingi vya afya vya wafanyakazi wa ngono hapa Kenya vikafunga milango. Ndani ya vituo hivyo ndimo mlikuwa na mshauri, na mara nyingi ndimo msaidizi wa kisheria alipatia nauli yake. Hapo ndipo mimi nalaumu serikali yetu, si Washington. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2016. Inatambua wasaidizi wa kisheria na iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasioweza kulipa. Haisemi "isipokuwa wanawake wa baa". Haki iliyo kwenye vitabu vyetu wenyewe haifai kuzimwa na sahihi ya rais wa nchi nyingine. Pesa ya hiyo huduma inapangwa kwenye bajeti, na bajeti ina vikao vya maoni ya umma ambavyo vijana hatuendi kwa sababu vinaboesha. Vinaboesha kweli, mimi nimekaa kimoja. Lakini hapo ndipo mistari inakatwa.

Kwa mtu wa Kimana, korti ya karibu ni Loitokitok. Mawakili wengi wako Nairobi, na wakili wa Nairobi haji Loitokitok kwa kesi ya kuzurura, hata umlipe mafuta. Kinachohitajika pale ni kidogo sana ukilinganisha na majengo tunayoahidiwa kila kampeni: mwanamke mmoja au wawili wa Kimana waliopewa mafunzo chini ya hiyo sheria ya 2016, wanaojua Kimaasai, Kikamba na Kiswahili, wenye simu iliyo na credo, wanaoijua 49(2) kwa kichwa, na wenye nauli ya matatu ya kwanza Jumatatu asubuhi, kabla hakimu hajaketi.